Watu gani hao wanaosema?

Mtoto wa Pemba hujua mapema kwamba kuna maneno yanayomtangulia popote aendapo. Akishuka boti bandari ya Malindi, Unguja, akaulizwa kwao wapi, akajibu Wete au Konde, hakosi wa kumtania: kwenu si ndiko kwa wachawi? Akivuka hadi Dar es Salaam atakutana na mzaha wa Mpemba mwenye duka na mkono wake wa birika. Utani huu una umri. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alipita visiwa hivi katika safari yake ya Afrika Mashariki, na kitabu alichokitoa mwaka 1931 kikawasimulia wasomaji wa London kwamba Pemba ni makao makuu ya elimu ya uchawi. Hakuuona huo uchawi. Aliambiwa, akaandika.

Keshoye mtoto huyohuyo yuko uwanjani kwenye skuli yake, anaigiza matamshi ya mwenzake wa Kojani mpaka kundi zima linacheka, au anamwita chogo mtoto ambaye baba yake alikuja kutoka bara kufanya kazi ya ujenzi. Haoni kwamba anachokifanya ni kilekile alichofanyiwa yeye Malindi. Kwa mwalimu, kazi inaanzia hapo. Pemba ni mahali pazuri pa kufundisha habari za ubaguzi kwa sababu mtoto wa hapa ameshaonja, na hahitaji kuhadithiwa ya Afrika Kusini ili aelewe. Anza na yale yanayosemwa juu yake, na yale anayoyasema yeye juu ya wengine yaje baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, ukaingia darasani na hotuba kwamba kudharau watu ni vibaya, utaitikiwa “ndiyo maalim” kwa sauti moja, na wakati wa mapumziko mambo yatakuwa yaleyale.

Mbinu zinazofuata zinafaa darasa la nne hadi la sita, na nyingine madarasa ya sekondari ya mwanzo. Hazihitaji vifaa zaidi ya chaki, karatasi chakavu na kunde.

Siku ya kwanza andika ubaoni sentensi moja tu: Wapemba ni wachawi. Darasa litacheka, halafu litachachamaa. Waache kidogo. Kisha uliza maswali matatu kwa utaratibu, na uyaandike pembeni mwa ubao yabaki hapo muhula mzima: Nani kasema? Amejuaje? Ni wote, baadhi, au mmoja? Mazungumzo huwa yanakwenda hivi:

“Nani kasema?”

“Watu wanasema, maalim.”

“Watu gani?”

“Watu... wa Unguja.”

“Wa Unguja wote? Shangazi yako anayekaa Mwanakwerekwe naye anasema?”

Kimya. Halafu mmoja atasema, “Si wote. Baadhi.” Mwalimu asilikimbilie jibu hilo kwa kulisifu. Arudi kwenye ubao, afute ile sentensi, na awaambie watoto waiandike upya ili iwe ya kweli. Hapo ndipo panapochukua muda, na muda huo usiuonee uchungu. Watoto watapendekeza “Baadhi ya Wapemba ni wachawi,” mwingine atauliza amejuaje, watabishana, na mara nyingi wataishia na kitu kama “Kuna watu wanaosema kwamba Pemba kuna wachawi.” Sentensi hiyo inahusu wasemaji na imemwacha Mpemba pembeni. Wakifika hapo wenyewe, kipindi kimefanya kazi yake. Usiongeze nasaha.

Wiki inayofuata geuza kioo. Toa vipande vya karatasi, kila mtoto aandike bila kutia jina jambo moja ambalo amesikia likisemwa kuhusu watu fulani: wa kijiji kingine, wa bara, wenye ulemavu, wavuvi, wasichana, yeyote. Kusanya kwenye boksi na uende nalo nyumbani. Usisome hata kimoja mbele ya darasa siku hiyo. Humo mtakuwa na vikaratasi vinavyomlenga mtoto aliyemo darasani, vingine vimeandikwa makusudi kumwumiza, na kazi yako ni kuvitoa kabla havijatoa harufu. Chagua vitatu au vinne visivyo na mtu wa karibu wa kunyooshewa kidole, uviandike ubaoni siku ya pili, na maswali ni yaleyale matatu. Watoto watagundua kwamba “watu wanasema” safari hii ni wao.

Mtoto wa Kojani anastahili kipindi chake, kwa sababu dharau anayopata hupita ikiitwa kicheko. Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Wilaya ya Wete, na wenyeji wake ni wavuvi wanaojulikana pwani yote kwa kwenda dago, yaani kuhamia ufuko wa mbali kwa msimu mzima wa uvuvi, Tanga, Mafia, hata Kenya. Watoto wao wanakuja na lafudhi na msamiati wao, na wanakosa masomo familia inapohama. Walimu wengi tunaongeza chumvi kwenye kidonda bila kukusudia: mtoto akisimama kujibu swali la sayansi, tunamkatiza kumsahihisha tamko, darasa linacheka, na jibu lake, ambalo pengine lilikuwa sahihi, halisikilizwi tena. Kanuni ya kwanza basi ni ya mwalimu mwenyewe: mtoto amalize kusema ndipo asahihishwe, na Kiswahili cha mtihani kisahihishwe kwenye daftari.

Kanuni ya pili ni kumpa nafasi ya kuwa mjuzi. Somo la mwezi na maji linafaa sana. Gawa darasa makundi, kila kundi lipate angalau mtoto mmoja wa familia ya wavuvi, na uliza: kwa nini kuna siku bahari inakauka mpaka mbali, na siku nyingine haitoki sana? Mtoto wa mvuvi anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma. Anajua kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, anajua kaskazi na kusi, anajua lini mtumbwi hautoki. Kundi lisiweze kumaliza kazi bila yeye. Ukipata mzazi mvuvi wa kuja kueleza, mwalike, ila umpe mada ya kufundisha. Mgeni akiletwa aeleze “maisha ya Wakojani” anakuwa kitu cha kutazamwa, na hilo ndilo tulilokuwa tunalikimbia.

Hoja ya kundi lisiloweza kumaliza bila kila mmoja ina asili yake. Mwaka 1971 skuli za Austin, Texas, zilipokuwa zimeanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, madarasa yaligeuka uwanja wa uhasama. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wakabuni njia ya kulikata somo vipande, kila mtoto katika kundi akapewa kipande chake peke yake, na wenzake hawakuwa na njia ya kukijua ila kumsikiliza. Mtoto uliyemzoea kumcheka ndiye aliyeshika sehemu ya mtihani wako. Utajifunza kumsikiliza hata kama hujampenda bado.

Pemba somo la kukata vipande lipo tayari, nalo ni karafuu. Vipande vinne vinatosha. Kwanza, namna ilivyokuja: kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa mzalishaji mkubwa zaidi. Pili, kuchuma na kuchambua: karafuu ni tumba la ua lisilofunguka, huchumwa na kikonyo chake, na makonyo hutengwa. Tatu, kuanika: jamvi, jua, mvua isiyotarajiwa, na jinsi karafuu isiyokaushwa vizuri inavyogeuka mpeta. Nne, waliochuma ni nani: watumwa wa zamani na wajukuu wao, Wapemba wenye mashamba madogo, Waarabu wenye mashamba makubwa, na wachumaji waliovuka kutoka Unguja na bara msimu ukifika. Kipande hicho cha nne mpe mtoto ambaye familia yake ndiyo inayoitwa wageni, bila kumwambia kwa nini umempa yeye.

Darasa la watoto 70 linawezekana. Watoto wanne wanne kwenye mkeka au wawili wa dawati la mbele wageukie wawili wa nyuma. Kwanza wenye kipande cha kwanza wote wakutane pembe moja wakielewe pamoja, wa pili pembe ya pili, kisha warudi makundini kufundishana. Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu akichungulia dirishani mwambie ni somo. Mwisho maswali matano kwa kila mtoto peke yake, yakitoka vipande vyote vinne. Bila mtihani huo mdogo, watoto hodari watawapuuza wenzao na njia nzima itapwaya.

Kuna zoezi moja maarufu ambalo ningemwomba mwalimu asiliguse. Aprili 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu Jane Elliott wa mji mdogo wa Riceville, Iowa, aliligawa darasa lake la tatu kwa rangi ya macho. Wenye rangi moja wakawa bora siku ile, wakapewa upendeleo, na wenye rangi nyingine wakadharauliwa, baadaye akageuza. Watoto waliumia kweli, na kwa kuumia wakaelewa. Limesifiwa sana na kulaumiwa sana. Kwetu mwalimu ana mamlaka makubwa mno juu ya mtoto, na darasani wamo ambao wanadharauliwa kila siku bila zoezi. Ukimwambia mtoto huyo, hata kwa mchezo, kwamba leo yeye ni duni, hatasikia neno mchezo. Na jioni mzazi atakuwa mlangoni, na atakuwa na haki.

Lipo zoezi linalofikia mahali palepale bila kumwumiza mtu. Miaka ya mwanzo ya 1970 Henri Tajfel na wenzake huko Bristol waligundua kwamba wavulana waliogawanywa makundi kwa sababu zisizo na maana yoyote walilipendelea kundi lao mara moja, hata bila kujua nani yumo ndani yake. Fanya hivi: watoto wachote karatasi, nusu zimeandikwa Pweza, nusu Ngisi. Basi, hakuna zaidi. Kila mtoto achore boti au mti kwenye kipande cha karatasi bila jina, aandike nyuma kundi lake. Kusanya, tundika michoro kumi ukutani, mitano ya kila kundi, na uandike chini yake Pweza au Ngisi. Watoto watoe alama. Ulichokificha ni kwamba umebadilisha majina: michoro ya Pweza umeiandika Ngisi na ya Ngisi Pweza. Pweza watazipa alama za juu kazi walizodhani ni zao, nazo zilikuwa za wenzao. Ukigeuza karatasi na kuonesha nyuma, darasa litalipuka kwa kicheko, na kicheko hicho kinawahusu wote sawa.

Angalizo moja la lazima: wafichulie kabla kengele haijalia, siku ileile, kipindi kilekile. Pweza na Ngisi wakienda nyumbani bado ni Pweza na Ngisi, kesho utawakuta wanarushiana mawe.

Kwa sababu hiyohiyo siamini sana mechi za kuleta amani. Ni dawa inayopendwa: darasa limegawanyika, basi tuandae mpira na netiboli. Muzafer Sherif alilijaribu jambo linalofanana na hilo Oklahoma mwaka 1954 na wavulana wa miaka 11 kambini. Mashindano kati ya makundi mawili yaliwafanya wachomeane bendera na kuvamiana mabwenini. Kuwakalisha pamoja kula na kutazama filamu hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichowapatanisha ni tangi la maji lililoziba na lori lililokataa kuwaka, kazi ambazo kundi moja lisingeziweza. Skuli zetu hazikosi kazi za namna hiyo: kisima cha kusafishwa, kitalu cha miche, mikoko ya kupandwa ufukweni kupwa kukiwa kukubwa. Changanya mikondo, mpe kila mtoto jukumu, na mpira uje baadaye kwa timu zilizochanganywa.

Kuhusu mtoto mwenye ualbino, vita vikubwa ni vya imani, na imani inahitaji maarifa. Watoto wengi wameambiwa kwamba mama yake alifanya kosa, au kwamba ni shetani, au kwamba inaambukiza. Mchezo wa kunde huyavunja hayo vizuri kuliko hotuba. Chukua vikombe viwili, cha baba na cha mama, tia kila kimoja kunde moja nyekundu na moja nyeupe. Sheria ni hii: kila mzazi hutoa moja, nyekundu ikiwepo, mtoto ana rangi, zikikutana nyeupe mbili, mtoto amezaliwa na ualbino. Kila jozi ya wanafunzi ichote mara 20 kwa macho yaliyofumbwa, ikirudisha kunde kila mara, na ihesabu. Jumlisha ubaoni. Takriban robo zitakuwa nyeupe mbili, na wazazi wote wawili walikuwa na rangi. Mtoto wa darasa la sita ataliona hilo kwa mkono wake: hakuna aliyekosea, na hakuna aliyeambukizwa.

Mchezo huo uufanye mtoto mwenye ualbino akiwepo au asiwepo? Zungumza naye na mzazi wake kwanza, wao ndio wa kuamua. Na kabla ya mchezo rekebisha yaliyo mikononi mwako: akae mbele karibu na ubao kwa sababu macho yake hayaoni mbali, mbali na dirisha la jua, na aruhusiwe kofia na mikono mirefu kwenye foleni ya asubuhi hata kama sare haisemi hivyo. Ukitaka mfano wa mtu mzima, mtaje Salum Barwany, aliyechaguliwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010.

Sasa lile ambalo kila mwalimu wa Pemba analiogopa, siasa. Baada ya uchaguzi wa 1995 visiwa hivi viligawanyika mpaka kwenye mazishi. Watu wa vyama tofauti hawakuzikana, hawakualikana harusini, mwenye duka alikosa wateja kwa rangi ya bendera yake, na watoto walibeba hayo hadi madarasani. Januari 2001 watu waliuawa, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa kisiasa ukatiwa saini Oktoba mwaka huo, haukutosha; mwishoni mwa 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ikapitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa takriban theluthi mbili. Maalim Seif, kwa hakika, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa, na alifundisha katika skuli ya Fidel Castro hapahapa Pemba.

Darasani usiulize kamwe chama cha mzazi wa mtu, na usiulize nani alianza. Kwa wanafunzi wa sekondari kuna swali moja la kupeleka nyumbani: mzee wako anakumbuka nini kuhusu namna majirani walivyorudi kuzungumza? Mwanafunzi alete jibu kwa maneno yake, bila majina. Yatakuja mambo madogo ya ajabu, ya mgonjwa aliyehitaji gari usiku, ya kisima kimoja kilichokuwa kinafanya kazi. Mwanafunzi akirudi na matusi badala ya kisa, mpokee, mweke pembeni, muulize yale maswali matatu ya ubaoni. Mwaka wa uchaguzi ukiwa mbichi, zoezi hili liache kabisa, fanya la karafuu.

Jambo jingine la kuwasomea ni la ng'ambo ya mpaka. Wako Wapemba ambao wazee wao walikwenda kuvua pwani ya Kenya wakabaki huko, Kwale na Kilifi, wakazaa na kuzika, na kwa miaka mingi hawakuhesabiwa raia. Asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu, hafungui akaunti benki, leseni ya uvuvi ni mtihani. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua. Waeleze watoto hayo, kisha nyamaza uwaangalie wakimtazama yule mwenzao waliyekuwa wakimwita chogo. Darasa zuri litaunganisha lenyewe.

Ustadh wa chuo cha Kurani usimsahau. Watoto haohao mchana wako kwake, na wengi wanaihifadhi Suratul Hujurat. Aya yake ya 11 inakataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kuudhi, na mtoto anaweza kuisoma kwa tajwidi safi mchana na kumwita mwenzake jina jioni, kwa sababu hajaambiwa kwamba ndiyo hiyo. Kaa na ustadh, mpe mifano ya majina yanayotumika uwanjani, afundishe maana kwa mifano hiyo. Mzazi akija juu kwamba skuli inamfundisha mwanawe siasa au ukafiri, utakuwa na mtu wa kusimama nawe kwenye kamati ya skuli.

Utajuaje kama yanafanya kazi? Watoto watakuandikia insha nzuri kuhusu upendo huku hakuna kilichobadilika, kwa hiyo insha isikudanganye. Simama karibu na bomba wakati wa mapumziko na uangalie nani anakunywa wa mwisho, nani anasukumwa, nani kikombe chake hakiazimwi. Chora ramani ya wanavyokaa wenyewe bila kupangwa, mwanzo wa muhula, na uchore tena mwisho wake. Mtoto akibaki peke yake kwenye ramani ya pili, badilisha kundi lake na umpe kipande kingine cha somo, kilicho kizito zaidi.